Bi Batul Atatolewa Saa Nne

Mti ulipoanguka haukumuumiza mtu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Lau ungevunja hata mguu wa paka, pengine angepatikana wa kuja kuutazama. Lakini mkungu ule wa mtaa wa Kuze ulikuwa na adabu zake. Uliuacha upepo wa Jumamosi ufanye fujo ya kutosha, ung'oe mabati, ukate nyaya za stima, utupe matangi ya maji mitaa ya watu. Kisha ukalala taratibu kukatiza kichochoro, shina likiegemea baraza ya Zaki upande mmoja na ukuta wa Nuruddin upande wa pili, kama mzee aliyepata mahali pa kuweka viwiko.

Kichochoro chenyewe hakitokei. Mwisho wake ni mlango wa nyumba ya Nuruddin, na kutoka mlango huo kwenda barabarani hakuna njia nyingine ila pale penye mti. Mwenye kiuno kizuri alijikunja akapita chini ya shina, akatokea upande wa pili na majani kichwani. Watoto walipita wakicheka. Nuruddin, ambaye anauza vitambaa vya mapazia mjini na hupenda kutoka nyumbani kanzu yake imenyooka, alipita asubuhi na jioni kwa magoti na mikono, na waliomuona walimwambia pole kwa sauti ya watu wanaojizuia.

Aliyekuwa hawezi kupita ni mama yake, Bi Batul. Figo zake zimekwisha kazi, na kila Jumatatu na Alhamisi hupelekwa hospitali damu yake ikasafishwe kwa mashine. Mwenyewe hakulipenda jina refu la shughuli hiyo. Alisema tu, "Naenda kuoshwa," na nyumba nzima ikalichukua neno hilo kwa sababu lilikuwa jepesi na halikutisha. Mbeyu, mwanamke wa Kwale anayemtunza, humweka kwenye kiti cha magurudumu akamsukuma mpaka barabarani, tuktuk inapongoja.

Jumatatu baada ya upepo walijaribu kumpitisha chini ya mti. Mbeyu alitangulia upande wa pili akamshika mikono. Nuruddin alibaki nyuma, akiwa hajui amshike wapi mama yake bila kumvunjia heshima.

"Inama kidogo, mama."

"Nimeinama."

"Inama tena."

"Nikiinama tena nitasujudu," Bi Batul akasema, "na sina udhu."

Alipofika katikati, tawi likadaka buibui lake mgongoni. Miguu yake iliyovimba haikuweza kwenda mbele wala kurudi. Akakaa pale, kichwa huku, mwili kule, na madirisha ya juu yakafunguka moja baada ya jingine. Wengine waliuliza kama wanahitaji msaada, bila kuondoka madirishani. Zaki, fundi wa milango ya nakshi, alikuwa barazani kwake hatua chache tu kutoka hapo, kikombe cha kahawa mkononi. Aligeuza uso akatazama ukuta. Labda aliona hiyo ndiyo heshima.

Walimrudisha kwa kumvuta. Buibui lilichanika. Alipoketi ndani ya nyumba yake ndipo alipomwita mwanawe.

"Nuruddin."

"Labeka, mama."

"Usinipitishe tena pale kama mbuzi."

Nuruddin alipiga simu hospitali kueleza kwamba leo hawatafika. Muuguzi aliyepokea ni Mercy, ambaye amezoeana nao. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Nuruddin zaidi.

"Mara moja mwili unaweza kuvumilia," Mercy alisema. "Mara mbili, maji yatapanda kifuani. Mleteni Alhamisi. Mkimkosesha Alhamisi, mimi sina la kuwaambia."

*

Afisi inayoshughulikia miti haikuwa afisini. Ilikuwa Kizingo, mtaa wa wenye nazo. Nuruddin aliikuta huko Jumanne, lori zima la vijana wenye misumeno ya mota, wakikata mti uliolala mbele ya lango la nyumba kubwa. Mti wenyewe haukuziba barabara. Ulizuia lango lisifunguke upande mmoja, na gari la mwenye nyumba lilikuwa pana.

Msimamizi alikuwa Griffins, mtu mpole aliyevaa kizibao cha kung'aa na kusikiliza kila mtu mpaka mwisho.

"Pole sana, mzee," alisema baada ya kumsikiliza. "Huko kwenu magari mangapi yamezuiliwa?"

"Hakuna gari. Ni njia ya miguu."

"Basi hakuna msongamano."

"Kuna mgonjwa."

"Mgonjwa ni wa afya. Sisi ni wa barabara." Griffins alisema hivyo kwa huruma ya kweli. "Lakini tutawafikia. Leo tunamaliza hapa. Kesho na keshokutwa tuko kule kando ya bahari, kwenye ile njia ya watu wa mazoezi. Imejaa matawi, watu wamelalamika sana."

"Hao wa mazoezi, si nao waenda kwa miguu?"

"Ndiyo. Lakini wao wanakwenda kwa hiari."

Griffins akauliza swali lake la mwisho, lile ambalo bila shaka alimwuliza kila mtu.

"Mti ni wa nani?"

Miaka yote Zaki alipotaka kuukata mkungu ule apanue karakana yake, Nuruddin alisimama kichochoroni akapaza sauti kwamba mti umepandwa na marehemu baba yake, na mwenye kuthubutu auguse. Mtaa mzima ulisikia. Wengine walitoka ndani makusudi wasikie vizuri. Sasa, mbele ya mtu mwenye misumeno kumi nyuma yake, sauti ile haikutoka.

"Mti wa Mungu," alisema.

"Ungekuwa wa mtu, mwenyewe ndiye wa kuuondoa," Griffins akamwambia. "Ukiwa wa Mungu, itabidi ungoje zamu."

*

Munazza, mkewe, hakutaka kusikia habari za Griffins. Alikuwa amelala usiku huo chumba kimoja na mama mkwe wake, na alichokisikia ni pumzi.

"Hawezi kulala chali tena," alimwambia mumewe. "Alala ameketi, na akiketi apumua kama aliyepanda ngazi. Nenda kwa Zaki."

"Zaki!"

"Ana msumeno wa mota. Uko ukutani mwake, kila mtu auona."

Hilo lilikuwa kweli. Toka siku mti ulipoanguka, mtaa mzima ulikuwa ukilalamikia kukosekana kwa msumeno, na msumeno uko hapo hapo, juu ya msumari, karakana iko wazi. Hakuna aliyeutaja, kwa sababu kuutaja msumeno ni kuutaja ugomvi, na watu wa kichochoro kile ni waungwana.

Jumatano alasiri Nuruddin alitoka. Zaki alikuwa barazani na wazee wawili wa mtaa, nyuma yao shina la mkungu, kila mmoja ameliegemea kana kwamba limewekwa hapo kwa ajili hiyo. Juu yao dirisha la Bi Batul lilikuwa wazi.

"Asalaam aleikum."

"Wa aleikum salaam warahmatullahi. Karibu, Bwana Nuruddin. Karibu kahawa."

"Ahsante, nimekunywa. Mwaonaje hali?"

"Alhamdulillahi. Mama yuaonaje?"

"Alhamdulillahi."

"Twashukuru. Na wa nyumbani?"

"Wote wazima." Salamu zikaisha, na kwa bahati mbaya hapakubaki jingine la kusema ila lile lililomleta. "Bwana Zaki, nimekuja kwa ajili ya muti huu."

"Muti upi?"

Wazee wakatazama vikombe vyao.

"Huu mulouegemea."

"Ala! Huu." Zaki akageuka akautazama kana kwamba amejulishwa nao sasa hivi. "Huu si wako? Mimi nijuavyo muti huu ni wa marehemu babako. Niliambiwa hapa hapa, na watu wakisikia. Mimi niuguse muti wa watu?"

"Mamangu hawezi kupita, Zaki."

"Naona. Moyo waniuma, wallahi." Aliposema hivyo hakuwa akidanganya, na ndiyo sababu aliongeza haraka. "Basi sikiza. Sina makuu. Sema mbele ya hawa kwamba muti ni wangu na pale ulipomea ni pangu. Neno hilo tu. Nitashuka na msumeno sasa hizi, kabla ya Magharibi ndia iwe nyeupe."

Pale ulipomea si mahali pakubwa. Ukitandika mkeka pamekwisha. Nuruddin alijua kwamba akilisema neno hilo mama yake atapita kesho. Alijua pia kwamba keshokutwa Zaki atajenga ukuta pale, na kila atakapopita Ijumaa kwenda msikitini atauona ukuta ule. Alifungua kinywa akiwa ameshakata shauri kulisema. Kilichotoka ni hiki:

"Shina liko barazani kwako. Muti umekulalia wewe. Uondoe wewe."

"Basi na ulale," Zaki akasema.

Nyumbani Munazza alimngoja mlangoni.

"Kasemaje?"

"Kasema atafikiri."

"Nani atafikiri, yeye au wewe?" Kisha akashusha sauti. "Ikiwa kuomba msumeno umeshindwa, omba mikono. Waandikie watu wa mtaa kwenye simu. Wanaume sita wakija, wambeba na kiti chake juu ya shina."

"Niwaandikie nini? Kwamba mamangu hajiwezi?"

"Kwani hawajui?"

"Kujua ni kwao. Kuwaambia ni kwangu."

*

Nuruddin aliandika Alhamisi baada ya swala ya alfajiri, kwenye kundi la simu la watu wa mtaa. Aliandika na kufuta. Alifuta neno "mgonjwa" kwa sababu ya fahari, akafuta "figo" kwa sababu ya haya, na "mti" akaufuta kwa sababu ya Zaki, ambaye naye yumo katika kundi. Baada ya kufuta yote hayo, kilichobaki ni hiki:

"Asalaam aleikum. Mama yetu Bi Batul atatolewa nyumbani leo saa nne kwenda kuoshwa. Wenye nafasi twawaomba waje tusaidiane kumbeba. Mwenyezi Mungu awalipe kheri."

Ulikuwa ujumbe mzuri, wa adabu, usio na kosa la sarufi. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Kuze nzima, mtu anayetolewa nyumbani kwa kubebwa, akaoshwe, huwa hana haja tena ya hospitali.

Nuruddin aliiacha simu kwenye chaji akaenda kumsaidia mama yake kuvaa viatu. Viatu havikuingia. Mbeyu akamtafutia makubadhi ya marehemu babake Nuruddin, na hayo pia yakaingia kwa shida. Bi Batul alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, mdomo wazi kidogo, akivuta pumzi moja moja kwa nguvu.

"Watakuja?" aliuliza.

"Watakuja, inshallah."

"Siku ya Jumatatu walikuwa madirishani."

Hapo ndipo Nuruddin aliposikia msumeno.

Ulinguruma kichochoroni, ukanyamaza, ukanguruma tena, na harufu ya mti mbichi ikaingia ndani. Nuruddin alishuka ngazi akikimbia. Alipofungua mlango alimkuta Zaki amesimama juu ya shina, kanzu ameifunga kiunoni, vumbi la mbao limejaa ndevuni, akikata kama anayegombana na mtu. Nyuma yake walikuwa wanaume wa mtaa, wengi kuliko alivyotarajia. Waliburura matawi na kupokezana magogo mkono kwa mkono, mwenye mgongo mbaya na mwenye presha, mwenye duka lisilofungwa na mwenye safari isiyongoja. Wote wamepata nafasi. Hata wale wazee wawili walikuwa wakiokota vijiti.

Moyo wa Nuruddin ulijaa. Alifikiri jinsi alivyowadhania vibaya watu hawa, na machozi yakamtoka kabla hajayazuia.

Zaki alimuona. Akauzima msumeno, akaruka chini, akamkumbatia kwa nguvu mpaka kofia ikamwanguka.

"Mwenyezi Mungu akupe subira, ndugu yangu."

"Amin," Nuruddin akasema, kwa sababu subira alikuwa akiihitaji kweli.

"Alikwenda vizuri?"

"Nani?"

"Mama."

Nuruddin hakuelewa. "Asubuhi alikunywa chai," alisema.

"Subhanallah!" Zaki akawageukia watu. "Mpaka dakika ya mwisho anywa chai. Mja wa Mungu huyo."

Ndipo Nuruddin alipowatazama vizuri. Kanzu nyeupe zilikuwa nyingi mno kwa kazi ya magogo. Ng'ambo ya mti wanawake walikuwa wamesimama na buibui zao, wengine wamejifunika leso nyuso, wakingoja njia ifunguke waingie. Na ukutani, limeegemezwa kwa uangalifu lisipate vumbi la mbao, lilikuwa jeneza la msikiti.

Akaushika mlango. Mtu akamshika mkono, akamwambia akae. Kila mtu aliona ni haki yake.

"Wapi mwamuosha?" mmoja wa wazee aliuliza kwa upole. "Msikitini?"

"Hospitali," Nuruddin akasema.

"Hospitali nako siku hizi waosha vizuri," mzee alikubali.

Shina lilikuwa limekatika nusu. Upande wa baraza ya Zaki ulikuwa umeshaondoka, lakini upande wa ukuta ulibaki, mnene, na kiti cha magurudumu hakingepita hapo. Nuruddin alipima kwa macho. Alipima tena. Zaki hakurudi juu ya mti. Alibaki pale pale, akazungumza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia mpaka dirishani.

"Nuruddin, nina jambo lanichoma. Mamangu alipofariki, mamako ndiye alonipikia, mpaka arubaini ikaisha. Mimi nilikuwa sili, akanilisha kwa mkono wake. Na Jumatatu nimemuona amekwama hapa, tini ya muti huu. Na kahawa yangu mkononi. Nikageuza uso, Nuruddin! Niligeuza uso. Sasa msamaha nimwombe nani?" Akalia waziwazi, mwanaume mzima, na watu wakainamisha vichwa. "Muti ni wako. Mahali ni pako. Yote yako. Mimi sitaki kitu."

Hapo Nuruddin alikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa neno jema kuliko yote ambayo angeweza kumwambia mtu anayelia hivyo. Yuhai. Lilimfika mpaka kwenye meno. Akamtazama Zaki, akalitazama shina lililobaki.

"Endelea kukata," alisema.

"Naendelea, ndugu yangu," Zaki akajibu, akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akapanda.

Gogo la mwisho lilipobingirishwa, wanawake wakasogea. Mbeyu alikuwa na masikio, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo walikuwa wameshaelewa huko juu, wakashuka. Mlango ukafunguliwa pande zote mbili kabla mtu hajaugusa. Munazza na Mbeyu walitoka wakiburura kiti, na juu ya kiti, amevaa buibui jipya na makubadhi ya mumewe, mkoba magotini, alikuwa Bi Batul.

"Asalaam aleikum," alisema.

Kujibu salamu ni wajibu, na pale palikuwa na watu wacha Mungu wengi. Hakujibu hata mmoja. Mwanamke mmoja alipiga ukelele, mwingine akakaa chini. Mzee wa kuokota vijiti aliviangusha.

Bi Batul aliwatazama kwa zamu. Akaliona jeneza ukutani, akalitazama kwa muda.

"Mumejitaabisha," alisema.

"Nuruddin!" Sauti ya Zaki ilipasuka. "Umetutapeli! Umewaita watu kwa maiti, na maiti hakuna!"

"Mimi niliandika atatolewa—"

"Atatolewa! Hutolewa nani, kama si maiti?"

Manung'uniko yakaanza nyuma. Mmoja amefunga duka. Mmoja amefuta safari ya Malindi. Mwingine alikuwa amekwisha kuwapigia simu jamaa wa Lamu, nao wameshapanda basi. Kijana mmoja alisema kwa hasira kwamba jambo hili si la mzaha, kwani wao wamekuja kutafuta thawabu. Hapakuwa na aliyesema afadhali. Neno hilo, ambalo mtu husema hata kikombe kikianguka kisivunjike, halikumjia mtu.

Bi Batul alinyanyua mkono kidogo. Hakuwa na pumzi ya kupaza sauti, kwa hiyo ilibidi wanyamaze wote wamsikie.

"Mulikuja kunibeba," alisema. "Basi nibebeni."

Njia ilikuwa imejaa matawi na vipande vya magogo, na magurudumu yasingepita. Kisha Zaki, bado akitweta kwa hasira, akainama akashika upande mmoja wa kiti. Mwingine akashika wa pili. Walipokiinua, mazoea yakawatawala. Kiti kikapanda mpaka mabegani, wa nyuma wakaja mbele, aliyebeba akampokeza mwenzake, kila mmoja akitaka apate hatua zake chache, na msafara ukaenda kwa ule mwendo wa haraka wa watu wasiotaka kumchelewesha aliye juu. Mtu mmoja alianza kumtaja Mungu kwa sauti ya mazikoni, akapigwa kiwiko, akanyamaza. Bi Batul alishika kiti kwa mikono miwili. Alikuwa hajapata kuuona mtaa wake kutoka juu namna ile.

Barabarani walimshusha kando ya tuktuk. Zaki hakumtazama Nuruddin.

"Umeniliza mbele ya watu," alisema.

"Maneno yako nimeyasikia, Zaki," Bi Batul akamwambia. "Nimekusamehe. Nawe nisamehe."

"Nikusamehe nini, mama?"

"Kwamba nihai."

Zaki akamsaidia kuingia, akaukunja upindo wa buibui lake usishikwe na mlango, kisha akaondoka bila kuaga. Wengine wakafuata. Nuruddin alipogeuka kutazama, jeneza lilikuwa bado pale ukutani, na mtunza msikiti akiwaita watu wamsaidie kulirudisha. Kila mtu alikuwa na haraka.

*

Katika tuktuk hawakuzungumza. Walipofika karibu na hospitali Bi Batul alisema, macho amefumba, "Jana alasiri dirisha langu lilikuwa wazi."

Nuruddin alihisi kama amevuliwa nguo. Alitaka kusema kwamba alikuwa amelikusudia lile neno, kwamba lilikuwa ulimini, ila likatoka jingine. Alijua kwamba lilikuwa neno moja tu, na kwamba mama yake ameketi usiku kucha akipigania pumzi kwa sababu ya neno hilo moja na mahali pa kutandika mkeka.

"Nisamehe, mama," alisema.

Bi Batul akampa mkoba wake aushike. Tuktuk ilikuwa imefika.

Mercy alimlaza, akamtazama miguu, akamsikiliza kifua, akakaza midomo. Akafanya kazi yake upesi na kimya. Mirija ilipokwisha kufungwa ndipo alipotabasamu.

"Mmewahi. Ingefika jioni, sijui. Kwa hiyo mti umeondolewa?"

"Umeondolewa," Nuruddin akasema.

"Na serikali?"

"Na majirani."

"Mna bahati jamani. Kwetu Changamwe jirani hata kiberiti hakupi." Mercy akamwinamia Bi Batul, akamrekebisha mto. "Una majirani wazuri, mama, na mtoto mzuri. Siku ya kwanza kabisa nilimwona, nikasema huyu anampenda mamake."

Bi Batul akafumbua macho. Akamtazama mwanawe, aliyesimama miguuni pa kitanda na mkoba wa kike mkononi, kanzu imejaa unga wa mkungu.

"Wazuri sana," alisema. "Wote. Yeye pia. Wana shida moja tu, mwanangu."

"Shida gani?" Mercy akauliza.

"Mpaka ufe kwanza."

Mercy alicheka sana. Akadhani ni mzaha wa wagonjwa wakongwe, wale wanaopenda kuwachokoza wauguzi, akawasha mashine. Damu ya Bi Batul ikaanza kupanda kwenye mirija, nyeusi, kwenda kuoshwa. Nuruddin aliufuata kwa macho mwendo wake, na hakucheka.